Alama Moja, Mtu Mmoja

Yote yalianza na neno langu moja, nalo ni "sawa". Siku hizi nikikumbuka lile neno natamani siku ile ningekuwa nimepoteza sauti. Lakini najijua. Ningeitikia kwa kichwa.

Tulikuwa ofisini Lodwar, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, feni inazunguka na joto liko palepale. Kampuni yetu inaitwa Kwato. Ni kampuni changa, ina watu kumi na wawili, na kazi yake ni kuuza mifugo kwa simu. Mwenye ngamia Kaaleng au Kalemng'orok anapigiwa picha mnyama wake, mnunuzi wa Kakuma au Nairobi anamwona kwenye simu, analipa, lori linakuja kumchukua. Dalali hayupo, kelele za sokoni hazipo. Na wizi, ndivyo tulivyoahidi kila mahali, usingekuwepo tena, kwa sababu mfumo wetu unasoma alama iliyochomwa kwa chuma kwenye paja la mnyama na kusema ni wa nani. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa uandikishaji. Jina langu ni Cornelius Ekidor, na kati ya watu saba waliokaa mezani siku ile, Mturkana nilikuwa mimi peke yangu.

Aliyeuliza ni Elyse. Huyu ni dada wa Kikongo aliyekulia kambini Kakuma, akajifunza kuandika programu huko huko, na mfumo wa Kwato aliutengeneza karibu peke yake. Aligeuza kompyuta yake ili nione fomu.

"Cornelius, niko na swali," alisema. "Hapa nimeweka alama moja, mutu moja. Ni vile iko kwenu? Mimi siko mutu wa hapa. Sitaki niharibu."

Wote wakanitazama. Mkurugenzi wetu, kijana wa Nairobi asiyejua kukaa bila kutazama saa, akatazama saa. Zilibaki wiki tatu wawekezaji waje, na tulitakiwa kuwa na wanyama elfu mbili ndani ya mfumo.

Jibu nililijua. Kwetu mtoto wa miaka sita analijua. Alama, tunaiita emachar, si ya mtu. Ni ya ukoo, na ukoo una maelfu ya watu, kutoka mpakani na Uganda mpaka ziwani, na wote wanachoma mifugo yao alama ile ile. Mwanamke akiolewa anaacha alama ya baba yake na kuingia ya mumewe, na ngamia atakaowakamua maisha yake yote watakuwa na hiyo. Kwa hiyo ukiona alama umepata pa kuanzia kuuliza tu. Mwenye mali utamjua kwa kuuliza watu, na watu wanajua.

Nikasema, "Ni sawa. Wengine wa alama hiyo tutawaandika wachungaji."

Elyse akanishukuru. Akaandika kitu kwenye daftari lake, mkutano ukaendelea.

Nisijifiche nyuma ya shida, maana sikuwa na shida. Nilikuwa nakula mara tatu kwa siku na nyumba niliyopanga ilikuwa na maji ya bomba. Nilikaa kimya kwa sababu ukweli ungemaanisha kuchana ile fomu na kuanza upya, na mkurugenzi alikuwa ameninong'oneza kwamba wawekezaji wakikubali nitakuwa meneja wa kaskazini yote, na nitapewa gari. Basi. Nilitaka gari, tena nilishaamua rangi yake.

Tulianza kuandikisha kesho yake. Lokichar, watu walikuja na simu zao wamepanga foleni kama wanapokea chakula cha msaada. Mtu wa kwanza wa kila alama aliandikwa "mwenye alama". Wa pili na wa mia walioonyesha alama hiyo waliandikwa "mchungaji", chini ya yule wa kwanza. Ilikuwa ni bahati tu ya nani kaamka mapema. Alama ya baba yangu nilikuwa nimejiandikia mwenyewe, wakati wa kujaribu fomu. Mwenye alama mmojawapo akawa Lopeyok, mtu wa makamo mwenye duka la matairi pale barabarani. Wakati wa makandarasi wa mafuta alipata hela, makandarasi walipoondoka akabaki na matairi. Hakuwa na ngamia hata mmoja, na sidhani kama alikuwa amekamua kitu chochote kwa miaka ishirini. Alikuja kwa sababu alisikia kuna jambo linaandikwa, naye hapendi jambo liandikwe bila yeye.

"Alama yako ni ipi?" nilimuuliza.

Akachora kwenye vumbi: mistari miwili, na ndoano ikipita juu yake. Mkono wangu ulisimama kidogo juu ya simu. Ile alama naifahamu kama ninavyofahamu uso wangu. Ndiyo iliyokuwa kwenye ngamia wa marehemu ndugu yake, mume wa Atabo. Nikaandika Lopeyok, nikamwita mtu mwingine.

Sasa nimweleze Atabo, maana hadithi hii ni yake. Nilipokuwa na miaka minne mama yangu aliugua kifua kikuu, akalazwa Lodwar miezi saba. Baba alikuwa amekwenda kutafuta kazi Kitale na hatukusikia habari zake. Atabo hakuwa ndugu yetu. Alikuwa jirani tu, wa ukoo mwingine kabisa, mwanamke mrefu mwenye maneno machache. Alinichukua akaniweka na binti zake, akaninywesha maziwa ya ngamia mpaka mashavu yakavimba. Mama alipotoka hospitali hakunitambua kwa unene. Mume wa Atabo alipofariki, ngamia walibaki kwake, kama inavyokuwa, na wazee wa ukoo walikaa wakasema hivyo mbele za watu. Hapakuandikwa kitu, maana hapakuwa na aliyesahau.

Wakati ule, kwa miaka kumi na miwili, Atabo alikuwa anaishi kandokando ya Kakuma na majike yake manne na dume mmoja, akimuuzia maziwa Hoodo. Hoodo ni mama wa Kisomali mwenye mgahawa na bucha ndani ya kambi, mtu wa kusema anachofikiri kabla hajamaliza kukifikiria. Hao wawili walielewana kwa Kiswahili cha sokoni na kwa vidole, na sijasikia hata siku moja wamegombana.

Nilimwandikisha Atabo mwenyewe, palepale uani kwa Hoodo. Nikawapiga picha ngamia wake watano wenye alama. Mfumo ukaniuliza: mchungaji wa nani? Nikabonyeza jina la Lopeyok.

"Umeandika nini?" Atabo aliniuliza kwa Kiturkana.

"Nimeandika kwamba wako na wewe," nikamjibu.

Akaniambia nimekonda, akanipa maziwa. Niliyanywa yote.

Wiki iliyofuata aliamua kumuuza dume. Maziwa aliyokuwa akileta kwa madumu ya plastiki yalikuwa yanachacha mapema, wateja wa Hoodo wananung'unika, naye alitaka kununua mikebe mizuri ya alumini. Mnunuzi alikuwa Hoodo huyo huyo. Zamani angetoa pesa kifuani na mambo yangeishia hapo. Lakini mahoteli yanayonunua nyama kwake yalikuwa yameanza kudai cheti cha Kwato, sisi wenyewe tuliwashawishi wadai, kwa hiyo Hoodo akatoa simu akapiga picha paja la dume. Ujumbe wa kuomba idhini ukaenda kwa mwenye alama. Ukaenda Lokichar, kwenye duka la matairi.

Lopeyok alijibu hapana. Simu ya Hoodo ikawa nyekundu: mnyama huyu amezuiwa.

Hoodo alinipigia saa ile ile. "Cornelius, simu yenu ina wazimu? Inasema huyu mama ni mwizi."

"Haisemi mwizi, Mama Hoodo. Ni mtandao. Nitarekebisha."

"Rekebisha haraka. Watu wanaangalia."

Sikurekebisha chochote. Nilijitia hamnazo siku mbili, nikisema moyoni kwamba litaisha lenyewe. Siku ya tatu Lopeyok alipanda kwenda Kakuma akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa amepita ofisini kwetu Lodwar kwanza, na msichana wa mapokezi, kwa adabu zote, alimchapishia orodha ya mali zake.

Chifu aliwaita watu saa nne asubuhi. Na mimi niliitwa, niseme kama karatasi ni ya kweli. Njiani mkurugenzi alinipigia. Wawekezaji wangetua Kakuma keshokutwa. "Cornelius, wewe sema tu kile mfumo unasema," aliniambia. "Usiongeze, usipunguze." Nilimwambia sawa. Nimekuwa mtu wa kusema sawa.

Ofisi ya chifu ilijaa, wengine wakasimama nje dirishani. Chifu alikuwa mtu wa haki, sina la kumlaumu. Aliisoma karatasi mara mbili, akamuuliza Lopeyok kwa nini amekaa miaka yote hiyo bila kudai.

"Chifu, mimi sikuandika kitu," Lopeyok alisema. "Mimi ni mtu wa matairi. Hawa wa simu ndio walikuja kuniambia ngamia ni yangu. Kumbe nilikuwa naibiwa na sijui."

"Walaahi huyu mama mimi namjua miaka kumi na mbili," Hoodo akadakia kutoka mlangoni. "Maziwa yake ndiyo nauza. Huyu mwanaume leo ndiyo namwona."

"Mama Hoodo, ngoja uulizwe." Chifu akamgeukia Atabo. Kwa kuwa kulikuwa na watu wa kila namna pale, alimuuliza kwa Kiswahili. "Mama, uko na watu wa kukushuhudia?"

Atabo alisimama. Alivaa shanga zake zote, kama anakwenda harusini.

"Watu iko," alisema. "Wazee wa alama iko Kalobeyei, mimi naweza ita, kesho nakuja. Lakini hapana haja." Akanielekeza kwa kidevu. "Huyu hapa. Huyu ni mtoto yangu. Amekunywa maziwa ya mama ya hii ngamia. Hiyo kitu ya simu yeye najua, na mimi yeye najua. Kile atasema, mimi nakubali."

Watu wakageuka wote kunitazama. Nilikuwa na maneno mawili ya kusema, kwamba alama ni ya ukoo, na kwamba fomu ina kosa na kosa ni langu. Chifu alikuwa Mturkana, wengi mle ndani walikuwa Waturkana, wote walijua hayo ya kwanza. Walichokuwa wanangoja ni mimi nikubali kwamba mashine haijui. Hawakuwa na ubavu wa kubishana na karatasi yenye nembo, lakini mimi nilikuwa nao.

"Kulingana na mfumo," nikasema, "alama hii imesajiliwa kwa jina la Lopeyok. Mama Atabo amesajiliwa kama mchungaji."

"Na wewe mwenyewe?" chifu akauliza. Alikuwa ananipa nafasi, sasa naona. "Wewe Cornelius unasema aje?"

Nilitazama chini. Nakumbuka viatu vyangu vilikuwa vipya.

"Nasema vile mfumo unasema, Chifu."

Hoodo alisonya akatoka nje. Chifu akamuuliza Atabo kama bado angependa kuwaita wazee wa Kalobeyei. Atabo akasema hapana. Alisema amesikia.

Lopeyok alikwenda kuchukua ngamia mchana huo huo na watu wawili. Nilipata habari zake kwa Hoodo, aliyesimama pale akiwatukana kwa Kisomali mpaka mwisho. Walitazama paja la kila mnyama. Kulikuwa na ndama mmoja wa mwaka na kitu, jike, ambaye Atabo alikuwa hajamchoma alama bado. Wale watu walitaka kumchukua naye amfuate mama yake. Lopeyok akakataa. "Huyu hana alama," alisema. "Karatasi inasema alama. Huyu aachwe." Hakuwa mtu wa kuchukua kisichokuwa chake kwenye karatasi. Mpaka leo najaribu kumchukia yule bwana na nashindwa, kwa sababu kila nikianza najikuta nimerudi kwangu mwenyewe.

Wawekezaji walikuja wanne, kwa ndege ndogo. Tuliwakaribisha kwenye ukumbi Kakuma, tukawapa maji baridi na kofia zenye nembo ya kwato. Mkurugenzi aliwaonyesha michoro ukutani. Mmoja, mzee wa Kizungu mpole, alistaajabu kuona Waturkana wenye ngamia mia nne, mia sita kila mmoja. Alisema hakujua kama kuna matajiri namna hiyo huku. Mkurugenzi akacheka kwa furaha. Kisha akawaonyesha mauzo yaliyokwenda haraka kuliko yote tangu kampuni ianze: ngamia watano, muuzaji wa Lokichar, mnunuzi wa Nairobi, idhini na malipo ndani ya dakika tatu. Picha zikatokea ukutani. Yule dume, na majike manne, kubwa kama ukuta wenyewe. Nilizipiga mimi, uani kwa Hoodo.

Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Mama mmoja wa kutoka Nairobi, mwekezaji, akainua mkono. Aliuliza tuna uhakika gani kwamba muuzaji ndiye mwenye mnyama. Lilikuwa swali zuri, na alikuwa ameliuliza kwa nia njema. Mkurugenzi akanyoosha mkono kwangu, akasema huyu bwana ni mwenyeji wa hapa, ataeleza. Nikasimama nikaeleza. Nilizungumza Kiingereza kilichonyooka, nikataja mila, nikataja heshima ya alama kwa watu wetu tangu enzi za mababu. Yule mama akaandika maneno yangu.

Elyse alinifuata nje, kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Cornelius, ile picha ni ngamia ya mama wa maziwa," alisema. "Hoodo ameniambia yote. Ile swali nilikuuliza Lodwar, unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ulikuwa unajua?"

Hapo sijui kwa nini sikuweza kudanganya. Labda kwa sababu yeye ndiye mtu pekee aliyeniuliza kabla. "Nilikuwa najua," nikasema.

Alinitazama kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. "Ungesema tu," alisema taratibu. "Ni siku mbili. Naongeza fasi ya majina mingi, naongeza mashahidi. Siku mbili, Cornelius. Tulikuwa na wiki tatu."

Hilo la siku mbili ndilo lililoniondolea usingizi. Nilikuwa nimejiambia kwamba ukweli ungeua kampuni. Kumbe ulikuwa kazi ya Jumatatu na Jumanne.

Nilikwenda kwa chifu nikamweleza yote, bila kupunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho akavua miwani.

"Kijana, si nilikuuliza? Mbele ya watu wote." Hakupandisha sauti. "Sasa ngamia wako wapi?"

"Nairobi. Pengine wamechinjwa."

"Na aliyenunua amenunua kwa simu yenu, na risiti yenu. Unataka nimkamate nani?"

Nilikuwa tayari aniambie ni mimi. Hakusema. Nilimpigia Lopeyok naye, nikamwomba angalau ampe shemeji yake nusu. Alinijibu kwa upole kabisa. "Cornelius, mtu akija akakuambia mali ni yako, akaandika, akakupa na karatasi, wewe ungekataa?" Nilikata simu.

Mkurugenzi nilimwambia pia. Nilidhani atanifukuza, na nadhani nilitaka anifukuze. Alikuna kichwa, akasema ni funzo kubwa, akaliweka kwenye orodha ya mambo ya kurekebisha baada ya fedha kuingia. Fedha ziliingia. Gari nalo likaja, jeupe. Fomu bado ni ile ile, kwa sababu sasa tunajiandaa kwenda Marsabit na Elyse amepewa kazi nyingine kumi.

Ilinichukua mwezi mzima kwenda kwa Atabo. Nililiacha gari mbali, karibu na laga, ule mto mkavu, nikatembea. Nilikuwa nimebeba mikebe miwili ya alumini, ile ile aliyokuwa anaitaka, ya lita ishirini kila mmoja. Sijui nilifikiri nini. Mtu akiwa na hatia anafanya mambo ya kipumbavu kabisa na kuyaona ya busara.

"Ejok," nikamsalimu.

"Ejok," akaitika. Aliitazama mikebe, akagonga mmoja kwa ukucha kuona kama ni mzuri. Akauliza, bila kejeli yoyote, "Nitatia nini humu?"

Nikaiweka chini. Zizi lilikuwa tupu, miba ya uzio imeanza kulegea. Alikuwa anasuka vikapu vya mkoma sasa, kwa ajili ya kuuza kambini, na vidole vyake, ambavyo havikuzoea, vilikuwa vimechanika. Nilianza kusema. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Lodwar, lakini yalitoka shaghalabaghala, nikasema juu ya fomu, swali la Elyse, Lokichar, gari. Nikalia. Mwanaume wa miaka thelathini na moja.

Aliniacha nimalize, akiendelea kusuka.

"Nilijua," alisema kwa Kiturkana. "Ulipotazama viatu nilijua. Ulikuwa hivyo hivyo ulipokuwa mdogo, ukimwaga maziwa unatazama miguu."

"Kwa nini basi hukuwaita wazee? Chifu alikuuliza. Wazee wangekuja."

"Wangekuja," akakubali. "Wangesimama pale waseme wewe ni mwongo. Na mimi nimetoka kuwaambia watu wote kwamba wewe ni mwanangu." Akavuta jani la mkoma, akalikaza. "Nilifikiri, akipoteza kazi atapata wapi nyingine? Ngamia wanazaa."

Afadhali angenipiga.

Akasimama, akaingia nyuma ya kibanda, akarudi akimvuta yule ndama kwa kamba. Alikuwa amekonda kidogo lakini macho yake maangavu. Atabo akamfunga kwenye mti wa mathenge, akaniambia kuna chuma ndani, nikilete, niwashe na moto.

"Amekua," alisema. "Akikaa bila alama ni wa kila mtu, atachukuliwa. Anahitaji kuchomwa. Mimi nilikuwa nangoja mwanaume wa kunichomea."

"Nitakuchomea," nikasema. Nilifurahi, hebu ona upuuzi, nilifurahi kwamba kuna kitu anataka kutoka kwangu. Nikawasha moto, nikaweka chuma. Nikauliza, kwa sababu kwa kawaida mtu huuliza hata kama anajua, "Mistari miwili na ndoano?"

"Hapana," alisema. "Hiyo simu yenu itasema ni wa Lopeyok. Mchome ya baba yako."

Nilidhani sikusikia vizuri. Yule mwanamke aliingia kwenye alama ya mumewe akiwa msichana, miaka arobaini na tano iliyopita. Amezalia ndani yake, amezikia ndani yake. Mnyama wa kwake kuwa na alama nyingine ni kama kusema hakuwahi kuolewa.

"Mama, siwezi."

"Utaweza. Ukishamaliza mpige picha, umwandike. Uandike kwamba ni wako, na mimi niandike mchungaji." Aliokota kaa lililozimika pembeni ya moto, akainama kwenye paja la ndama, akachora alama ya baba yangu polepole, duara na mstari wake wa chini, bila kukosea hata kidogo, kwa hofu kwamba pengine mimi nimeisahau. Halafu akaenda mbele, akakumbatia shingo ya ndama kwa mikono yote miwili, akageuzia uso upande wa pili.

Nikachoma. Ndama akalia, akapiga teke, na moshi wa manyoya ukanijaa machoni. Atabo hakumwachia. Alikuwa amebana mdomo wake kwenye sikio la ndama, akimbembeleza kwa sauti ileile aliyonibembeleza nayo mimi mama yangu akiwa hospitali.

"Nyamaza," alikuwa anamwambia. "Nyamaza, imekwisha. Sasa wewe ni wa Cornelius."